Mhadhiri Arudi Tanurini

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamenitonesha. Kikao cha kitivo, chai imepoa, feni inalalamika. Mkuu wa Kitivo kasema chumba cha mikate kitafungwa mwisho wa muhula. Kitatandikwa zulia, kiwe ukumbi wa mikutano! Chumba cha mikate! Nimekohoa kwa hasira mpaka nikaletewa maji.

Wazo la nani? La Slaidi, nani mwingine. Mhadhiri mwenzangu, bado kijana, shati limenyooka hata mgongoni. Anafundisha teknolojia ya vyakula kwa picha za ukutani. Umeme ukikatika, elimu nayo imekatika. Akasema tanuri lile halijawashwa miaka na miaka, panya wameshalifanya kwao. Kisha akanigeukia na kuniita mzee wangu, kwa upole kabisa. Upole wake ndio ulioniuma.

Nilitaka kuwaambia. Chumba kile ndimo nilimosomea mimi. Tuliingia alfajiri macho yamevimba, mwalimu wetu wa mikate ameshawasha moto. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikanda vibaya anakusukuma kwa kiwiko, anakanda yeye, halafu anakurudishia donge lako bila kukutazama. Harufu ikishatoka dirishani, maktaba yote inahama. Wa sheria, wa hesabu, wa historia, wote wanapita nje ya dirisha letu wakijifanya wana safari zao. Na tulikuwa na sheria moja: aliyeunguza mkate anapanda juu ya benchi, anaula wote mbele ya wenzake, bila chai. Mimi nilipanda benchi lile kuliko mtu yeyote. Nilinenepa.

Sikuwaambia. Nilikuwa bado nakohoa.

Mkuu wa Kitivo kaacha upenyo mdogo. Kuna kiwanda cha mikate kinachotunung'unikia. Eti wahitimu wetu wanaijua kemia ya hamira kwa moyo, lakini ukiwasimamisha mbele ya mashine wanaikodolea macho tu. Kiwanda kinataka kushirikiana na chuo: wanafunzi waende kule kujifunza kwa vitendo, na wahadhiri pia. Kikikubali kukichukua chumba chetu kiwe cha mafunzo, chumba kimepona. Kisipokubali, zulia.

Basi nitakiokoa mimi. Mpango ninao. Bado sijaujua vizuri, lakini ninao.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kiwandani kimyakimya, kabla Slaidi hajashtuka. Lengo: kumlainisha meneja uzalishaji. Nimevaa tai.

Mlango ukafunguka. Kipimajoto! Mwenyewe! Tulisoma naye, benchi moja, mimi upande wa dirisha na yeye upande wa tanuri. Jina alilipata kwa kuwa kipimajoto hakikumtoka kwenye mfuko wa kifuani. Alipima unga, alipima maji, alipima chai ya mwalimu. Siku moja alinipima mimi, nikajikuta mgonjwa kweli. Sasa ana mvi na ofisi yenye dirisha la kioo, na mfukoni, naapa, kipimajoto.

Akacheka hadi akashika meza. Akaniita Hamira. Zamani wote waliniita hivyo, kwa sababu sikukawia kuumuka. Tukakaa tukakumbushana. Mwalimu na kiwiko chake. Dirisha. Siku tuliyosahau chumvi, na wa sheria wakala vilevile na kushukuru. Kifua kilinijaa. Nikaona kazi imekwisha, chumba nimeshakipata.

Kumbe. Akakauka ghafla akasema urafiki kando. Tutajaribu juma moja. Wanafunzi wangu na wahadhiri wawili waje wafanye kazi, na Ijumaa wakurugenzi watauonja mkate wa majaribio na kuamua kama ushirikiano upo au haupo. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba mhadhiri ni mmoja tu, mimi, kwani mwenzangu unga unamwasha mwili mzima. Akasema ajabu, mbona mwenzangu huyo alikuja jana, akazunguka kiwanda chote, na hakupiga chafya hata moja.

Jana! Mjanja kapata mjanja wake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelitoa sandukuni koti langu jeupe la enzi zile. Nitaingia nalo kiwandani, wajue nimetoka wapi. Limepungua. Nguo zikikaa sana hupungua, ni jambo linalojulikana. Mama watoto kasema si koti lililobadilika. Nikamwomba aachie mshono kidogo ubavuni. Akasema kitambaa hana, labda anishone mimi.

Lakini baadaye alilishika lile koti, akalinusa kwenye mkono. Akaniuliza kama nakumbuka. Nitaachaje kukumbuka! Nilimchumbia kwa mkate wa chumba kile. Nilikimbia nao kutoka tanurini mpaka kwenye bweni lao, nimeuficha ndani ya koti hilihili, umenibabua tumbo. Aliula wote akiwa amesimama langoni, kisha akasema chumvi imezidi. Nikaona huyu ndiye.

Tukalitazama koti pamoja. Halafu akasema kifungo cha kati kinaomba msamaha.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza. Aibu tupu.

Mlangoni wamenivua koti. Eti lina vifungo! Kifungo kinaweza kudondokea kwenye unga, kwa hiyo kiwandani hakuna kifungo, hakuna mfuko wa kifuani, hakuna saa, hakuna pete. Nikauliza mbona meneja ana mfuko. Wakasema meneja akiingia ndani naye huvua. Nikapewa gauni la buluu la kufungia mgongoni na kofia ya wavu. Slaidi naye kapewa, lakini yeye limemkaa. Wanafunzi wangu wamegeuka ukutani wote kwa pamoja, mabega yanatikisika.

Ndani ni ulimwengu mwingine. Mashine ya kukandia ina tumbo la kumeza benchi letu zima. Unga unaumuka kwenye chumba chenye mvuke, unapanda mkanda wenyewe, unapita tanurini ukitembea, unatokea upande wa pili umeiva. Hakuna mtu anayegusa kitu. Mwalimu wetu angekisukuma kiwanda kizima kwa kiwiko.

Na sasa jambo lililonitoa jasho. Barafu! Fundi wa mashine ya kukandia, jitu la miraba minne lenye taulo shingoni, anachota barafu kwa sepetu na kuimwaga kwenye unga. Nimefikiri kachanganyikiwa. Mtoto mdogo anajua unga wa mkate hukandwa kwa maji ya uvuguvugu. Mwalimu wetu aliyapima kwa kiwiko, nasi tukayapima kwa viwiko. Ndilo lililokuwa somo la kwanza, siku ya kwanza. Nikamwambia fundi anaiua hamira. Akanielezea kitu kuhusu mashine, kasi yake na unga kupata joto, lakini kelele zilikuwa nyingi na mimi nilikuwa nimekasirika.

Slaidi alikuwa anamuuliza maswali. Anaandika. Anaitikia kwa kichwa. Fundi keshaanza kumwita mwanangu.

Jumanne, 11 Machi

Jana nilirudi nyumbani bila pete. Nimeisahau kwenye kabati la kiwandani. Mama watoto kakiona mapema kidole kitupu. Nikamweleza ni sheria ya kiwanda. Akauliza meneja wa kiwanda ni nani. Nikasema rafiki tu wa zamani. Akauliza ndiye yule wa kipimajoto. Nikasema ndiye. Akasema ahaa. Ahaa hiyo nimeitafuna pamoja na chakula.

Leo nimeirudisha pete. Wanafunzi wamefundishwa kuusimamisha mkanda, kuvuta trei, kufungua tanuri likizidiwa. Wamependa. Mvivu wangu mkuu, yule anayelala safu ya nyuma tangu mwaka wa kwanza, kabaki hadi mwisho akiuliza. Sijawahi kumwona macho yakiwa wazi. Ana macho mazuri tu.

Mimi nilipewa kazi ya kutazama. Kipimajoto kaniambia nisiguse kitu chochote, tafadhali. Hiyo tafadhali aliitamka mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Mpango umeiva!

Kesho asubuhi ndipo unakandwa mkate wa majaribio. Wakiukanda kwa barafu utatoka mkate kama wa kila siku, laini, mweupe, hauna la kusema. Wakurugenzi wataula, watapandisha mabega, watasema chuo kina faida gani. Zulia. Lakini wakiukanda kwa maji ya uvuguvugu, wakaonja kile tulichokionja sisi, watauliza umetoka wapi, na mimi nitawaambia umetoka kwenye chumba kimoja chenye dirisha linaloelekea maktaba. Watalia. Watasaini wakiwa wanalia.

Nimemweleza mama watoto. Akasema niache, kiwanda cha watu hakichezewi. Nikamwambia wanawake wanaogopa maendeleo. Akasema maji ya uvuguvugu tangu lini yakawa maendeleo. Nimezima taa.

Alhamisi, 13 Machi

Usingizi hauji. Naandika tu.

Wakati wa chai nilimwambia fundi anaitwa getini. Akaenda. Barafu nikaimwaga kwenye sinki, sepetu kwa sepetu. Kisha nikalifuata birika kubwa la chai, lile la wafanyakazi wote, nikazimua maji yake ya moto kwa ya bomba, nikakunja mkono wa gauni, nikapima kwa kiwiko. Safi kabisa! Uvuguvugu wa ujana wangu!

Ila birika lilikuwa zito. Nikiwa nahangaika nalo, Slaidi huyu hapa. Akasema mzee wangu, usibebe mzigo kama huu, mimi nipo. Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye mashine, akaniuliza ayamwage wapi. Nikamwonyesha. Moyoni nilicheka sana.

Sikucheka tena siku nzima.

Unga ulianza kuumuka kabla haujafika chumba cha mvuke. Ndani ya chumba ulipanda, ukavuka kingo za mikebe, ukashikana na wa jirani, ukawa mmoja. Ulipofika kwenye mkanda ulikuwa unaning'inia pande zote. Nikausihi. Ukaingia tanurini ukiwa mrefu kuliko mlango. Moshi! King'ora! Mkanda umekwama, unga unadondoka kwenye moto, watu wanakimbia huku na huku. Mimi nilijificha nyuma ya magunia.

Wanafunzi wangu ndio waliouzima moto. Mvivu alibonyeza kitufe chekundu, wenzake wakafungua tanuri pembeni, wakavuta trei moja moja kwa glavu, bila kelele, wakiitana kwa majina. Mimi sikuwafundisha hata kimoja cha hivyo. Nimewatazama nikiwa kwenye magunia.

Kipimajoto akafika. Akauliza nani. Fundi hajui, alikuwa getini akimtafuta mtu anayemwita. Slaidi akajitokeza akasema ni yeye, maji aliyamimina yeye, hakujua. Hakunitaja! Nami nikanyamaza, maana kunyamaza nako ni busara. Lakini Kipimajoto alikuwa ameshanifikia. Hakunitazama usoni. Alinitazama kiwiko, kilikuwa bado kimelowa na kina unga. Akasema duniani wamebaki watu wawili wanaopima maji hivyo, na yeye aliacha.

Ijumaa, 14 Machi

Wakurugenzi walikuja. Suti, kofia za wavu, nyuso za mahakamani. Mkate wa majaribio haupo. Ipo ile mikate iliyoungulia tanurini tu, myeusi mitupu. Mkuu wa Kitivo naye yupo, anapangusa paji la uso. Nimejua yamekwisha. Nimekiona chumba changu na zulia lake, na viti vya kuzunguka.

Kipimajoto akaleta kreti, akaliweka chini katikati ya kiwanda. Akachukua mkate mweusi kuliko yote, akanikabidhi. Sheria ya benchi ni ileile. Nikapanda.

Nilikula. Mbele ya wakurugenzi, mafundi, wanafunzi, Slaidi. Gauni la buluu, kofia ya wavu, mkaa midomoni. Mashine zote zimezimwa, nasikika mimi tu natafuna. Ganda lilikuwa chungu. Nikafika ndani.

Ndani palikuwa laini. Palikuwa na ladha ileile. Ladha ya alfajiri, ya benchi, ya koti lililonibabua tumbo. Nililia. Nikawaambia ni moshi, na moshi ulikwisha jana. Nilikuwa nimeikosa ladha hiyo kwa muda mrefu hata nikasahau kwamba naikosa. Kipimajoto akapanda naye juu ya kreti, tukabanana, akamega kipande akala. Akasema na yeye ana kosa, aliniacha peke yangu na barafu. Nilimwona akimeza polepole.

Kisha akashuka, akawa meneja tena. Akawaambia wakurugenzi wawatazame wanafunzi: siku chache tu kiwandani, na jana wameokoa tanuri. Halafu wanitazame mimi. Huyu, akasema, ndiye anayewafundisha. Tukichukua wanafunzi peke yao, kila mwaka tutaletewa wengine waliotoka mikononi mwa huyuhuyu. Basi kiwanda kikichukue kile chumba cha chuo, kitie mashine, kitoe wakufunzi, na wahadhiri waanze upya kabisa pamoja na wanafunzi.

Wakurugenzi walinitazama kwa muda mrefu. Wakakubali wote.

Chumba kimepona! Kwa ushahidi wangu! Mratibu wa ushirikiano wamemteua Slaidi, dhuluma ya wazi, lakini leo sina kinyongo. Nimemwambia mama watoto kwamba nimewashawishi wakurugenzi. Akanifuta masizi kidevuni, akauliza nimewashawishi kwa mdomo au kwa pua.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeingia chumbani.

Panya wamehamishwa. Tanuri limefagiliwa, limewaka. Kuna mashine ndogo ya kukandia pale kwenye kona, na sanduku la barafu ambalo silitazami. Benchi ni lilelile. Nimepapasa upande wa dirisha nikazikuta alama za visu vyetu. Nimekaa. Magoti yamegonga ubao palepale yalipokuwa yakigonga.

Darasa ni wanafunzi ishirini na kidogo na wahadhiri wawili. Kipimajoto anafundisha. Nilitazama mlangoni mara kadhaa, kama vile kuna mtu amechelewa na atapita sasa hivi anisukume kwa kiwiko. Hakuja, na najua ni miaka mingapi tangu tulipomzika. Imeniuma. Lakini mikate ya kwanza ilipotoka, dirisha likafunguliwa, na baada ya muda kidogo wakaanza kupita. Wa sheria! Vijana wapya, simu mkononi, na wanajifanya wana safari zao kama baba zao! Mvivu akawamegea. Mimi nikageukia ukuta nikapenga kamasi.

Sijafurahi hivi tangu nioe. Sijui kama hata siku ile nilifurahi hivi, ila hilo litabaki humu.

Tatizo moja. Makubaliano yanasema mhadhiri akifaulu mtihani wa chumba hiki, anapewa cheti na kurudi ukumbini kufundisha nadharia, nafasi yake benchini anapewa mwingine. Akifeli, anarudia na darasa linalofuata.

Akifeli, anarudia.

Nimeisoma sentensi hiyo mpaka mama watoto kaniuliza kwa nini natabasamu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mtihani umefanyika. Nimeufanyia kazi kuliko mtihani wowote maishani mwangu.

Nilipanga hivi: kila swali, nafikiri kwanza jibu la kweli, kama nilivyofundishwa chumbani humuhumu. Halafu naandika la upuuzi. Swali la maji? Uvuguvugu ndio kweli, kwa hiyo nikaandika barafu! Kalamu ilikataa, nikailazimisha. Wasidhani yaliyotokea kiwandani yalinibadili mawazo. Maji hayakuwa na kosa lolote, mashine ndiyo iliyokuwa na haraka. Swali la kujua kama mkate umeiva? Unaugonga chini kwa kidole na kusikiliza, nani asiyejua. Nikaandika kwamba unachomeka kipimajoto katikati. Nilikaribia kucheka kwa sauti. Mkate ukatwe lini? Ukiwa moto, unangoja nini! Nikaandika usubiri mpaka upoe kabisa. Yaani mtu anaweza kusubiri mkate upoe!

Kote hivyo. Hakuna swali nililolionea huruma.

Mama watoto kasema ameona watu wengi wakifeli, lakini hajaona anayehangaika hivi. Wenzangu wote, kasema, wanafeli kwa starehe zao. Nimelala usingizi wa mtoto. Muhula ujao, upande wa dirisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekuwa wa kwanza.

Darasa zima! Hakuna swali nililokosa! Kipimajoto kasoma jina langu mbele ya watu, sauti imempasuka. Akasema kwa miaka yote hii alidhani Hamira hafundishiki, na leo anaomba radhi hadharani. Kaja akanikumbatia. Wanafunzi wamepiga makofi, Mvivu kapiga mluzi. Slaidi, wa tatu, kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema mzee wangu, nilikuwa sikujui. Kisha kanipa ratiba yangu. Ukumbi namba nne, ghorofa ya pili. Hauna dirisha linalofunguka.

Nafasi yangu benchini keshapewa mhadhiri wa kemia. Nimemwona akikaa. Magoti yake hayafiki hata ubaoni.

Nimerudi nyumbani na cheti. Mama watoto kapiga vigelegele, akakitundika sebuleni, akasema kumbe mzee mzima anaweza kujifunza. Nikamwambia asubiri kwanza. Nimelikagua jambo hili kwa makini, nikilinganisha majibu yangu na ukweli. Hakuna jibu hata moja sahihi, na wao wameyapa yote vema. Mtihani mzima umesahihishwa na watu wasiojua mkate.

Kesho asubuhi na mapema nakwenda kukata rufaa. Hawawezi kumfaulisha mtu asiye na hatia.